Kipupwe cha Baiskeli: Ufipa na Historia Iliyosukumwa kwa Mkono

Ulaya baridi ikianza, waendesha baiskeli wa milimani hupumzika. Theluji hufunga njia za juu, mashindano husimama, na baiskeli huingizwa ndani kusubiri Machi. Mtu aliyekulia kwenye habari za Tour de France akifika Sumbawanga atashangaa kidogo kusikia wazee wakitaja "msimu wa baiskeli" huku wakimaanisha Juni, Julai na Agosti, yaani katikati ya kipupwe, wakati upepo wa kusini-mashariki unapita juu ya nyasi za Ufipa bila kukutana na kizuizi, na usiku joto likishuka hadi karibu nyuzi 10, mara nyingine chini ya hapo.

Sababu yenyewe ni rahisi. Mvua za Ufipa huanza karibu na Novemba na kumalizika Aprili. Katika miezi hiyo, kabla ya lami, njia nyingi zilikuwa tope tupu. Mahindi, maharage na ulezi hutoka shambani kuanzia Mei. Basi barabara inakauka wakati uleule ghala linapojaa, na wakati huohuo ndipo baridi inapokaza. Mwenye baiskeli hakuwa na nafasi ya kuchagua. Kama alitaka kuuza, aliingia kwenye baridi.

Nimekuwa nikiuliza habari za baiskeli hizo kwa miaka kadhaa, kila ninaporudi Sumbawanga likizo, kwa sababu katika maandishi sizioni. Ufipa imeandikwa, tena vizuri. Mwanaanthropolojia Roy Willis aliandika kitabu kizima juu ya jinsi dola ya Wafipa ilivyojengwa. Bertram Mapunda amechimba na kueleza tanuri za chuma za Nkasi. Kuna ripoti za barabara, ripoti za nzige wekundu wa bonde la Rukwa, ripoti za mahindi. Lakini chombo kilichobeba nusu ya maisha ya watu hawa kwa zaidi ya miaka 50 kinatajwa kwa mstari mmoja, au hakitajwi kabisa. Makala hii ni jaribio la kukirudisha mahali pake.

Meza yenye kuta

Hebu tuanze na umbo la nchi, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Ufipa ni kama meza. Mji wa Sumbawanga umekaa zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Mbizi iliyo jirani inapita mita 2,000. Juu ya meza hiyo nchi ni wazi, vilima vya taratibu, nyasi nyingi na miti michache. Ndiyo maana Wafipa walijifunza zamani kulima kwa matuta ya mviringo, wakifukia nyasi ndani ya udongo zioze ziwe mbolea, kwa kuwa hawakuwa na msitu wa kutosha wa kukata na kuchoma kama majirani zao.

Lakini pembeni, meza inakatika ghafla. Upande wa magharibi unashuka hadi Ziwa Tanganyika, lililo kwenye mita 770 hivi. Upande wa mashariki, safu ya Lyamba lya Mfipa inaanguka kwenye bonde la Ziwa Rukwa, karibu mita 800. Kutoka Muze kule bondeni hadi juu ni kupanda takribani kilomita moja ya kwenda wima. Wapenzi wa mbio za baiskeli wanaujua mlima Tourmalet wa Ufaransa, wenye mita 2,115, ulioingizwa kwenye Tour de France mwaka 1910 na kuwatoa watu jasho na matusi. Kupanda kutoka Rukwa ni kazi ya jamii hiyohiyo, isipokuwa wale wa Ufaransa hawakuwa wamefunga magunia ya samaki nyuma.

Kwa umbo hilo, Ufipa ilizaa baiskeli mbili ndani ya baiskeli moja. Juu ya meza, kati ya Laela, Mpui, Kaengesa, Sumbawanga na Chala, ilikuwa chombo cha kupandwa. Pembeni, kwenye kuta, ilikuwa mkokoteni wa magurudumu mawili, wa kusukumwa wakati wa kupanda na kuzuiwa wakati wa kushuka. Tukisema "alikuwa na baiskeli" kuhusu mtu wa Ufipa, ni lazima tuulize: aliiendesha wapi, na aliisukuma wapi?

Mwaka 1885

Kuna miaka ambayo mambo yasiyojuana hukutana. Mwaka 1885 ni mmojawapo. Mwaka huo, Uingereza, John Kemp Starley alitoa baiskeli aliyoiita Rover, yenye magurudumu mawili yanayolingana na mnyororo unaozungusha la nyuma. Baiskeli karibu zote tunazozijua leo ni wajukuu wa ile. Mwaka huohuo Mapadri Weupe walikabidhiwa kituo cha Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika, kilichokuwa kimeanzishwa na Wabelgiji. Mwaka huohuo Kaiser wa Ujerumani alitoa hati ya ulinzi iliyofungua mlango wa koloni la Afrika Mashariki. Na mwaka huohuo Mfalme Leopold wa Ubelgiji alitangaza ile aliyoiita Dola Huru ya Kongo, ambayo mpaka wake wa mashariki ulifika kwenye ziwa lilelile ambalo Mfipa wa Kirando au Kasanga hulitazama kila asubuhi.

Miaka mitatu baadaye, 1888, John Boyd Dunlop alisajili tairi la kujazwa upepo. Baiskeli ikawa laini, ikapendwa, na dunia ikaanza kutafuta mpira kwa pupa. Sehemu kubwa ya mpira huo ilikamuliwa kwenye misitu ya Kongo kwa kiboko na bunduki. Kabla hata baiskeli haijapanda Ufipa, tairi lake lilikuwa limeshapita kwenye damu ya watu wa ng'ambo ya ziwa.

Upande wa chuma nao una kinaya chake. Wafipa walikuwa mafundi wa chuma. Tanuri zao ndefu za udongo, zinazoitwa malungu, zilizidi kimo cha mtu na zilivuta hewa zenyewe bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena kwenye tanuri ndogo kabla mhunzi hajakifua kuwa jembe au mkuki. Msafiri wa Kiskoti Joseph Thomson, aliyepita mwaka 1880, aliondoka akiwa amevutiwa na utulivu na bidii ya watu hawa. Nusu karne baadaye malungu yalikuwa yakizimika, yakishindwa na majembe na vyuma vya dukani. Kwa hiyo nchi iliyoyeyusha chuma chake yenyewe ikajikuta inasubiri chuma cha Birmingham na Nottingham kishushwe Dar es Salaam, kipakiwe treni, kisha lori, hadi kifike kwa mteja. Malungu yaliyobomoka bado yapo porini, na watoto wachunga ng'ombe huyapita bila kujali.

Padri, katekista, manamba

Wazee niliozungumza nao wanakubaliana juu ya jambo moja: watu wa kwanza kuonekana juu ya baiskeli walikuwa mapadri, kisha makatekista na walimu, kisha makarani. Utaratibu huo una mantiki. Kanisa Katoliki ndilo lililokuwa na vituo vilivyotawanyika uwanda mzima, na padri aliyetaka kufikia vigango vitatu kwa wiki hakuweza kuendelea kutegemea miguu na wapagazi.

Tusipite haraka kwenye neno hilo, wapagazi. Kabla ya gurudumu, mzigo wa Ufipa ulikaa juu ya kichwa au begani mwa mtu. Katika Vita vya Kwanza, majeshi ya Uingereza yaliyotoka kusini na kuiteka boma ya Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, mnamo Juni 1916, yalilishwa na mistari mirefu ya wapagazi walioitwa tengatenga. Wengi hawakurudi makwao. Kwa hiyo baiskeli ilipofika mikononi mwa watu wa kawaida, haikuja kama kitu cha michezo. Ilikuja kama chombo cha kwanza kilichomwezesha mtu kusafirisha mzigo mzito bila kuubeba kichwani.

Nayo ilikuja kwa jasho la mbali. Ufipa haikuwa na zao kubwa la fedha kama kahawa ya Kilimanjaro au pamba ya Usukuma. Ilichokuwa nacho, machoni pa serikali ya kikoloni, ni vijana wenye nguvu. Walikwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa kule Chunya, wakavuka mpaka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na wakapakiwa kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, hasa baada ya wenye mashamba kuunda shirika lao la kukusanya vibarua, SILABU, mwaka 1944. Hao ndio manamba. Mzee mmoja wa Kizwite aliniambia kwamba kijana aliporudi kutoka mkonge, kijiji kilimtazama mikono kwanza. "Kama mikononi kuna usukani, mama yake anapiga vigelegele. Kama mikono mitupu, basi watu wanamwambia tu pole na safari."

Waliotoka upande wa shaba walirudi na Raleigh na pia na maneno. Kwa Wabemba wa Zambia baiskeli ni incinga, na Malawi ni njinga. Huku kwetu neno la Kiswahili lilishinda, lakini ukikaa na wazee wa mpakani bado utawasikia wakichanganya.

Phoenix na mahindi

Baada ya Uhuru, baiskeli iliongezeka kwa njia mbili.

Ya kwanza ilipitia reli. China ilipojenga TAZARA kati ya mwaka 1970 na 1975, sehemu ya gharama za ndani ililipwa kwa kuuza bidhaa za Kichina katika maduka ya Tanzania na Zambia. Reli yenyewe haikupita Sumbawanga. Inapita Mbeya na Tunduma kisha inaingia Zambia. Lakini bidhaa zilipanda. Katika kumbukumbu za watu, Raleigh ni baiskeli ya katekista, Phoenix ni baiskeli ya mkulima. Nyeusi, nzito, breki za vyuma badala ya waya, gia moja tu. Mafundi waliing'oa keria yake ya kiwandani, wakafunga nyingine ya nondo, nene, pana, yenye kubeba magunia mawili bila kupinda.

Njia ya pili ilikuwa mahindi. Mkoa wa Rukwa uliundwa mwaka 1974, na katika miaka hiyo serikali ilikuwa ikinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, uwe Kibaigwa au Namanyere. Kwa mkulima wa pembezoni hiyo ilikuwa neema, kwa kuwa gharama ya usafiri ilibebwa na serikali. Rukwa ikaingia katika kundi la mikoa minne iliyolisha taifa, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Fedha ya mahindi ikageuka bati, redio na baiskeli.

Halafu ukaja ukame wa maduka. Baada ya vita vya Kagera, mwanzoni mwa miaka ya 1980, tairi likawa dhahabu. Watu waliziba pancha juu ya pancha hadi tyubu ikawa viraka vitupu. Wengine walijaza majani makavu ndani ya tairi na kuendesha hivyohivyo, huku gurudumu likilalamika. Waliokuwa na ndugu Mbala, ng'ambo ya mpaka, walivuka usiku wakarudi na tairi mbili zimevaliwa mwilini kama mkanda wa shanga. Ilipofika mwaka 1983 na msako wa wahujumu uchumi, mtu mwenye tairi mbili mpya ndani ya nyumba alilala vibaya. Mzee mmoja wa Matai alizifukia za kwake chini ya tuta la maharage. "Maharage yaliota vizuri sana mwaka ule," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Kupanda usiku

Sasa twende pembeni ya meza, maana huko ndiko baiskeli ya Ufipa ilikolipwa kwa gharama kubwa zaidi.

Ziwa Rukwa lina samaki, na juu kuna watu wanaotaka samaki. Juu kuna maharage na mahindi, na bondeni kuna watu wanaoyataka. Biashara hiyo ni ya zamani kuliko baiskeli. Gurudumu liliongeza uzito wa mzigo, halikufupisha mlima.

Mchuuzi wa samaki aliondoka bondeni usiku. Bondeni ni joto, hata Julai, na jua likimkuta mtu chini ya ukuta na kilo 100 za samaki wakavu, amekwisha. Walikwenda wawili wawili au watatu watatu. Mmoja alishika usukani na kuvuta, mwingine alisukuma kutoka nyuma akiwa ameinamisha kichwa kiasi kwamba, kama alivyoniambia mmoja wao, "unaijua njia kwa kuangalia visigino vya mwenzio". Kila baada ya hatua kadhaa waliweka jiwe nyuma ya gurudumu, wakapumua, wakaendelea. Mlima mmoja wanaume watatu waliupanda mara tatu, wakisaidiana baiskeli moja baada ya nyingine.

Hatari yenyewe ilianza walipokaribia juu. Mtu ametoka jasho saa sita, shati limelowa, mara anatokeza kwenye ukingo na kukutana na upepo wa alfajiri wa Ufipa. Waendesha baiskeli wa Ulaya, wakifika kileleni, hupewa gazeti walitie ndani ya fulana kabla ya kushuka, ili upepo usiwapige kifua. Wachuuzi wa Rukwa hawakuwahi kusikia habari hiyo, lakini walifanya jambo lilelile: walikata kiroba, wakakivaa kati ya shati na koti la mitumba. Wazee wanaamini kwamba homa nyingi za kifua za miaka hiyo zilitoka pale ukingoni. Daktari anaweza kuwa na maelezo mengine, lakini orodha ya waliokufa wanayo wao.

Kushuka nako kulikuwa na sheria zake. Breki za Phoenix zilipata moto na kuisha nguvu. Hivyo mtu alivaa katambuga za tairi la gari, akakanyagia gurudumu la mbele kwa unyayo hadi moshi ukatoka. Wengine walifunga gogo au tawi kubwa nyuma, likaburuta chini kama nanga.

Mjomba wangu, kaka yake mama, hakufunga gogo. Alikuwa akishusha maharage Julai moja mwanzoni mwa miaka ya 1990, mimi sijaanza shule. Walimkuta chini ya kona, baiskeli juu yake, magunia yamepasuka. Mama anasema kilichomuuma, kando ya kifo chenyewe, ni kuona watu wakiokota maharage barabarani kabla hawajamfunika ndugu yake. Kisha anaongeza mwenyewe, bila mtu kumwambia, kwamba ulikuwa mwaka wa njaa kule chini.

Nilipokuwa mwandishi nilikwenda kwenye ofisi moja ya serikali kuangalia kama ajali ile iliandikwa popote. Daftari la miaka hiyo lilikuwepo, limetunzwa vizuri kabisa. Lina lori, basi, Land Rover, hata trekta. Safu ya aina ya chombo haikuwa na baiskeli. Mhudumu, kijana mstaarabu, akanieleza kwa upole kwamba ajali za namna hiyo zilihesabiwa kuwa "kuanguka". Mtu ameanguka, basi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini historia hii haionekani.

Nani aliyepunguziwa mzigo

Baiskeli ya kusukuma ina ndugu zake duniani. Mwaka 1954, Wavietnam walipowazingira Wafaransa kule Dien Bien Phu, chakula na risasi zilipelekwa milimani kwa maelfu ya baiskeli zilizosukumwa. Walifunga mti kwenye usukani ili mtu aongoze akiwa pembeni, na baiskeli moja ilibeba hata kilo 200. Goma, mashariki mwa Kongo, kuna chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedeli, nayo imejengewa sanamu katikati ya mji. Wavietnam wameweka baiskeli zao makumbusho. Sisi tumeziuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Lakini nisije nikaonekana natengeneza shujaa. Baiskeli ya Ufipa ilikuwa mali ya mwanaume. Ilibeba kilichokwenda sokoni: samaki, maharage, pombe, mahindi. Maji na kuni vilibaki kichwani kwa mwanamke, kama zamani za tengatenga. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Shirika la Kazi Duniani lilifanya mradi wa usafiri vijijini kule Makete, nyanda hizihizi za juu kusini, na watafiti wakaamua kuhesabu safari za watu badala ya kuhesabu magari. Waligundua kwamba safari nyingi za vijijini hazikuwa za barabarani kabisa. Zilikuwa za miguu, kwenye vijia, kwenda kisimani, shambani, mashineni, na wabebaji wakuu walikuwa wanawake. Ufipa nayo ilikuwa hivyo. Mama yangu amezaliwa katika nyumba yenye baiskeli, na hakuwahi kuipanda. Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kama nimeuliza kwa nini hakuwa askofu.

Lami

Februari 2008, Tanzania na Marekani zilitia saini mkataba wa Changamoto za Milenia wenye thamani ya dola milioni 698. Sehemu ya fedha hiyo ilijenga barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, kama kilomita 224, kwa vipande vitatu: Tunduma hadi Ikana, Ikana hadi Laela, Laela hadi Sumbawanga. Safari iliyokuwa inakula siku nzima wakati wa mvua ikawa ya saa chache. Asiyekumbuka ile ya zamani hawezi kujua tulichopata. Mimi nakumbuka, na sitamsikiliza mtu anayesema vumbi lilikuwa na uzuri wake.

Ila lami ilimaliza zama za baiskeli kwa namna mbili. Iliharakisha magari, na bega la barabara ambalo baiskeli inaachiwa ni jembamba. Tena ilikuja karibu sawia na pikipiki za bei nafuu. Kanuni za kuruhusu pikipiki kubeba abiria kibiashara zilitoka mwaka 2010, na kijana ambaye babu yake alisukuma usiku kucha leo anapanda ukuta wa Rukwa kwa bodaboda kabla chai haijapoa. Hata hivyo ukikaa kandokando ya barabara ya Laela asubuhi ya Julai bado utawaona: mwanafunzi amevaa sweta na soksi mikononi, fundi mwenye msumeno kwenye bomba la juu, mzee na debe la maziwa. Na mara chache, mgeni mwenye kofia ngumu na mabegi ya rangi pembeni ya magurudumu, aliyeamua kupita Afrika kwa baiskeli. Watoto humkimbilia yeye na kumpigia makofi. Mzee wa maziwa hapigiwi.

Wengine watasema baiskeli ni chombo tu, na vyombo hupita. Kweli. Malungu yalipita pia, lakini yaliandikwa mapema na watu waliowakuta wahunzi wenyewe wangali hai, ndiyo maana leo tunajua yalivyovuta hewa. Wasukumaji wa Rukwa wengi sasa wamepita miaka 70. Wanajua kona zote za njia za zamani, mahali pa kuweka jiwe, mahali pa kuvaa kiroba, nani alizikwa karibu na kona ipi. Shule za sekondari ziko hapo hapo Sumbawanga, na simu zinazorekodi sauti zimeenea. Mwalimu wa historia akiwapa kazi ya likizo moja tu ya Juni, kila mmoja arudi na simulizi ya babu mmoja na bibi mmoja, tutakuwa na kumbukumbu ambayo daftari la ofisi lilikataa kuitunza.

Yule mzee wa Kizwite aliuza Phoenix yake miaka kumi na kitu iliyopita, akaitoa keria kwanza. Nilidhani aliibakiza kwa ajili ya ukumbusho. Akaniongoza nyuma ya nyumba, na pale kando ya jiko ilikuwa imesimamishwa juu ya miti minne, nondo zimeng'aa kwa kusuguliwa, sufuria na sahani zimepangwa zinakauka kwenye upepo. Mkewe ndiye aliyeiomba, kwa kuwa alihitaji kichanja.